Vyuo vidogo visilipe deni la vikubwa
Machi 2025, wiki moja baada ya timu yake ya kikapu ya wanaume kucheza mashindano ya kitaifa, Chuo Kikuu cha Saint Francis, Pennsylvania, kilitangaza kushuka kutoka Daraja la Kwanza la michezo ya vyuo vya Marekani hadi la Tatu, ambako hakuna ufadhili wa masomo kwa wanamichezo. Mzigo unaovielemea vyuo vidogo kama hiki unatoka juu. Mapatano ya kesi ya House, ambamo wanamichezo wa vyuo walidai malipo waliyonyimwa, yaliyoidhinishwa Juni 2025, yanawalipa wanamichezo wa zamani dola bilioni 2.8 kwa miaka 10. Walistahili, tena wamecheleweshewa mno. Lakini sehemu ya fedha hizo inakatwa kwenye mgawo ambao shirikisho la michezo ya vyuo, NCAA, huvipa vyuo vyote vya Daraja la Kwanza, hata visivyo na timu ya futiboli ya Kimarekani. Vyuo vinapobana matumizi, wanaoumia kwanza ni waogeleaji na wacheza tenisi. Makato hayo yapunguzwe.