Lugha ya Mtandao na Biashara ya Mkulima: Mfano wa Songea

Utangulizi

Katika mijadala mingi kuhusu teknolojia ya mawasiliano, hudaiwa kwamba mtandao umefuta umbali, na kwamba kwa kuufuta umbali umemwondoa mlanguzi. Makala haya yanaikubali sehemu ya kwanza ya dai hilo na kuikataa ya pili. Kwa kutumia mfano wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, yanadai kuwa mtandao humpa mkulima nguvu pale tu unaposema naye kwa lugha anayoimudu. Pale usiposema naye hivyo, mlanguzi hubadili vazi tu.

Umbali uliofutwa

Ruvuma ni mkoa wa mahindi, kahawa, korosho, ufuta na tumbaku, nao uko mbali na bandari na masoko makubwa. Wakulima wake walitambua mapema kwamba mmoja mmoja hawana sauti sokoni, ndiyo maana Chama cha Ushirika cha Ngoni-Matengo kiliundwa tangu mwaka 1936. Hata hivyo, kwa miongo mingi habari za bei zilisafiri kwa mwendo wa lori, na fedha zilitumwa kwa hawala ya posta au kukabidhiwa dereva wa basi aliyeaminika.

Hali hiyo imebadilika. M-Pesa ilianzishwa Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na EASSy zilianza kazi mwaka 2009 na 2010. Mwaka 2018 Songea iliunganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Leo mwenye duka mjini Songea huagiza bidhaa Kariakoo na kuzilipia bila kuondoka nyuma ya kaunta yake.

Lugha iliyofungua mlango

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba mabadiliko hayo hayakuanza na kompyuta bali na simu ya kitochi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu ya ofisi kwa Kiswahili, iliyoitwa Jambo OpenOffice. Ilikuwa kazi ya kitaalamu yenye kustahili heshima, lakini haikuingia katika maisha ya kila siku kama ilivyoingia orodha fupi ya simu inayosema: tuma pesa, toa pesa, angalia salio. Sababu ni kwamba maneno hayo yalimkuta mtumiaji akiwa tayari na haja nayo. “Wakala” na “muamala” ni maneno ya kale ya biashara na fikihi yaliyopewa kazi mpya. “Salio” limetokana na kusalia. “Bando” limetoholewa mitaani bila kusubiri kikao. Istilahi hizi zilisanifiwa na matumizi kabla ya kusanifiwa na wanaleksikografia.

Nguvu hiyo ya lugha ina upande wa pili. Ujumbe maarufu wa matapeli, “ile pesa itume kwa namba hii”, umeandikwa kwa Kiswahili kisicho na dosari. Siri yake imo katika kiashiria “ile”: kinadokeza mazungumzo yaliyotangulia, na msomaji aliye na deni halisi hujaza mwenyewe pengo lililoachwa. Tapeli amekwisha kuelewa jambo ambalo makampuni mengi hayajalizingatia, kwamba katika mtandao mwenye kuimudu pragmatiki ya lugha ya mteja ndiye mwenye kuimudu fedha yake.

Mlango wa pili

Nyuma ya orodha ile fupi kuna ngazi nyingine: vigezo, masharti na mikataba. Huko ndiko mteja anakoridhia kwa kubonyeza kitufe, na mara nyingi huridhia maandishi marefu asiyoyaelewa. Mikopo ya mitandaoni ni ushahidi wa kutosha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Wananchi walikuwa tayari na jina la mikopo ya namna hii, “kausha damu”, jina linaloeleza masharti yake vizuri kuliko mkataba wenyewe.

Suala hili lagusa mazao pia. Ufuta, mbaazi, soya na korosho za Ruvuma zimekuwa zikinadiwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani, ambao sheria yake ilitungwa mwaka 2005. Mnunuzi aliye mbali huweka bei yake, nao wakulima huikubali au huikataa. Hii ni hatua kubwa dhidi ya kangomba. Lakini bei inayosomwa mnadani si fedha inayofika mfukoni, kwani katikati yake yamo makato. Mkulima anayeonyeshwa jumla pasipo kufafanuliwa kila kato, kwa Kiswahili chepesi, hana njia ya kuhoji.

Wapo watakaosema kwamba tatizo ni minara, umeme na gharama, wala si lugha. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa pasipo mnara hapana cha kusoma. Lakini mnara huleta ishara tu, hauleti maana. Iwapo miundombinu ingetosha, mikopo ile isingewanasa watu wa mijini wenye mawasiliano bora.

Hitimisho

Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliipa ridhaa ya mtu uzito wa kisheria. Kanuni hizo mbili zapasa kuunganishwa: ridhaa iliyotolewa kwa maandishi asiyoyaelewa mwenye kuridhia isihesabiwe kuwa ridhaa. Idara za Kiswahili nazo zisiridhike na kuunda istilahi za vifaa. Zichunguze mikataba, stakabadhi na jumbe za simu kama zinavyochunguza ushairi na riwaya, kwa maana humo ndimo mkulima wa Namtumbo au Mbinga anamopata au kupoteza jasho lake.