Huo ufupi wa font unawadanganya

Jameni, nani aliwaambia mstari mmoja ndio ujuzi? Kila nikifungua CSS ya vijana wenzangu napata font: 16px Arial imetupwa kila mahali, ati ndio msimbo safi. Safi wapi?

Mimi mwenyewe niliandika hivyo kwa tovuti ya mama mmoja wa hoteli. Juu nilikuwa nimeweka font-weight: bold na line-height: 1.6. Chini yake, ndani ya mabano hayo hayo, nikabandika ule ufupi. Bei zote zikawa nyembamba, mistari ikabanana. Akakataa kunilipa mpaka nirekebishe, na alikuwa na haki.

Sababu ni hii: font ikija, kila usichotaja kinarudi mwanzo. Uzito unarudi normal, nafasi ya mistari vilevile. Ukisahau saizi au jina la fonti, brausa inatupa mstari mzima, na haikuambii kitu.

Itumie mara moja tu, kwa body, ukitaja yote: font: 400 16px/1.6 Arial, sans-serif. Kwingine andika font-weight peke yake. Mstari mmoja zaidi haujawahi kuua mtu. Mteja halipii ufupi, bana. Analipia menyu inayosomeka.