Kima Mdogo Kupita Wote

Katika nchi za Brazili, Peru na Kolombia, huko Amerika ya Kusini, uko msitu mkubwa upitiwao na mto Amazon. Katika msitu huo, hasa kwenye miti iliyo karibu na kingo za mito, hukaa kima aliye mdogo kupita kima wote wa dunia. Akisha kukua, mwili wake bila mkia hauzidi sentimeta 16, na uzito wake ni gramu 100 na zaidi kidogo. Chungwa kubwa ni zito kuliko yeye. Mjerumani mmoja, Johann Baptist von Spix, aliyesafiri Brazili tangu mwaka 1817 hata 1820, alimwandika katika vitabu vya elimu mwaka 1823; wenyeji wa msitu, bila shaka, walikuwa wakimjua zamani sana kabla yake.

Wako watu wauzao watoto wa kima huyu kwa jina la “kima wa kidole”, kwa kuwa mtoto wake huweza kukumbatia kidole cha mtu. Wanunuzi husema, “Mnyama mdogo hivi atahitaji nini? Kizimba na ndizi vyamtosha.” Mimi nasema maneno hayo ni kosa, nanyi mtaona sababu yake tukitazama jinsi aishivyo.

Chakula chake kikubwa ni utomvu wa miti. Kwa meno yake ya mbele ya chini, membamba na makali, hutoboa gome, kisha husubiri. Utomvu ukijaa katika kitundu, huja akaulamba. Kesho hurudi kwenye vitundu vile vile na kutoboa vipya, hata shina likawa kama chekeche. Kazi hiyo yataka kucha za kujishikiza wima, naye anazo, kali kama za kindi. Huongeza panzi na buibui. Komba wetu pia hupenda gundi ya migunga, lakini yeye huikuta imekwisha kutoka. Kima huyu huitafuta kama mgema agemaye mnazi wake.

Basi mtu amfungiaye ndani amemnyang'anya shamba. Amemnyang'anya na jamaa zake, na hilo naliona baya zaidi. Kwa kawaida mama huzaa mapacha, kila mmoja wa gramu 15 hivi. Baba na ndugu wakubwa ndio wawabebao watoto mgongoni, wakiwarudisha kwa mama wanyonye. Mchana kutwa huitana kwa sauti nyembamba kama za ndege; nyingine ni nyembamba hata sikio la mtu haliwezi kuzisikia. Aliye peke yake kizimbani huita vivyo hivyo, wala hajibiwi.

Labda mmoja wenu atasema, “Mwalimu, mwituni kuna mwewe, nyoka na paka wa mwitu, nyumbani ana salama.” Ni kweli, adui zake ni wengi. Lakini hatari hizo ajua kuziepuka: huganda shinani bila kujitikisa, tena huweza kugeuza kichwa hata akatazama nyuma ya mgongo wake. Hatari za nyumbani hazijui. Asipopata mwanga wa jua, mifupa yake hulegea. Akilishwa vitamu tu, huugua. Tena akisha kukua huuma, kwa meno yale yale yatoboayo magome, ndipo bwana wake amchokapo.

Atakaye kweli kumjua na akae kimya chini ya mti wake. Hatakwenda mbali kumtafuta, maana mahali pa jamaa moja mara nyingi hapafiki hekta moja, na miti waitumiayo ni michache. Utomvu ukipungua, wote huhama pamoja kwenda kutoboa mti mwingine, wadogo wakiwa mgongoni.