MUUZA POMBE LESENI UKUTANI, MUUZA BANGI MIAKA 30: HII MIZANI IMEKAAJE?

Chukua vijana wawili wa Malinyi. Umri mmoja, mtaa mmoja, wote wamemaliza kuvuna mpunga na mfukoni kuna hela. Wa kwanza anaingia grosari saa nne asubuhi. Anaanza na bia, anahamia kwenye konyagi, jioni anamalizia na gongo kilabuni. Usiku anapanda bodaboda yake anayumba nayo mpaka nyumbani, anampiga mkewe, asubuhi anaamka hana hata hela ya mbegu. Wa pili amejikalia nyuma ya kibanda na msokoto wake mmoja. Anacheka peke yake na simu, anakula ugali wa watu wawili, analala.

Defenda ya polisi ikipita hapo, inaondoka na nani?

Jibu kila mtu analo, na hapo ndipo penye tatizo. Si kila mnywaji anapiga mke, na si kila mvutaji analala kwa amani. Lakini sheria yenyewe haiulizi nani kamuumiza nani. Inauliza tu kilevi gani kilikuwa mkononi.

Twende kwenye sheria. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, pamoja na marekebisho yake, inasema anayetiwa hatiani kwa kusafirisha bangi, hata kama mzigo haufiki kilo 50, anakabiliwa na miaka 30 jela. Na usidhani "kusafirisha" ni lori la usiku linalovuka mpaka. Katika sheria hiyo neno ni pana, linabeba mpaka kuuza na kuhifadhi. Kijana wa miaka 22 aliyekamatwa na begi lake huko Mtimbira au Itete anaweza kutoka gerezani akiwa na miaka 52. Wazazi wameshazikwa, shamba limeshagawanywa, wenzake wana wajukuu.

Sasa njoo kwa upande wa chupa. Shirika la Afya Duniani, kwenye ripoti yake ya 2024, linahesabu vifo milioni 2.6 vilivyotokana na pombe kwa mwaka 2019 peke yake. Tangu 1988 wataalamu wa saratani wa shirika hilohilo wameiweka pombe kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani, kundi moja na sigara. Pombe ukiizidisha usiku mmoja unaweza usiamke. Bangi ina mabaya yake, lakini kifo cha namna hiyo kwa kuvuta kupita kiasi ni kitu cha nadra mno.

Pamoja na yote hayo, pombe inakula bata. Humuhumu kwenye bonde la Kilombero, miwa inayozalisha sukari inazalisha pia molasi, na molasi inakwenda kwenye mtambo wa kutengeneza spiriti ya vinywaji uliofunguliwa 2013. Kiwanda cha sukari chenyewe serikali ina hisa ndani yake. Kwa miaka mingi tuzo kubwa kabisa za muziki nchini zilibeba jina la bia. Simba na Yanga, watani ambao hawakubaliani hata rangi ya jezi, ziliwahi kuvaa nembo ya bia moja kifuani. Timu ya taifa nayo ikapewa jina lake. Mtoto wa darasa la tano alikuwa anaijua nembo hiyo kabla hajaijua ramani ya mkoa wake.

Mastaa nao wanaijua hii michezo vizuri. Staa akipiga picha na chupa ni balozi, analipwa. Akipigwa picha na moshi ni skendo, anaomba radhi. Na hata skendo ina daraja lake. Mwaka 2018 staa mmoja mkubwa wa filamu alitiwa hatiani na Mahakama ya Kisutu kwa kosa la kutumia bangi: faini shilingi milioni 2 au jela mwaka mmoja. Kwa kosa la kutumia, hukumu ya faini ina akili zaidi kuliko gereza, hilo halina ubishi. Swali ni hili: kijana wa Malinyi, anayesubiri mnunuzi wa mpunga aje na bei yake, hiyo milioni 2 ataitoa wapi? Faini ambayo staa anailipa na kurudi nyumbani, kwa mkulima ni mwaka mzima gerezani.

Wapo watakaosema, "Bangi inatia wazimu." Hoja hiyo isidharauliwe. Kwa kijana mdogo anayevuta kila siku, na hasa mwenye ugonjwa wa akili kwenye ukoo, hatari ipo na madaktari wameiandika sana. Lakini hiyo ni sababu ya kuweka umri, kuweka kipimo na kuweka daktari karibu. Muuza kete wa uchochoroni haulizi kitambulisho. Anamuuzia mtu mzima, anamuuzia mwanafunzi, na akichanganya kitu kingine humo ndani hakuna wa kukagua. Marufuku haijamlinda huyo mtoto. Imemkabidhi kwa muuzaji asiye na jina wala anwani.

Na nchi hii inajua kabisa kufanya vinginevyo. Kumbuka viroba. Vipakiti vile vya bei ya chini vilikuwa vinamaliza vijana wa vijiweni, konda na bodaboda wananyonya asubuhi kama maziwa. Serikali ikasema basi, na kuanzia tarehe 1 Machi 2017 viroba vikapigwa marufuku. Haikusema kila mnywaji wa kiroba aende miaka 30. Iliangalia madhara yako wapi, ikaona yako kwenye kifungashio na bei, ikapiga hapo. Kwa nini akili hiyo ifanye kazi kwenye pombe tu?

Sheria za vilevi hazikushuka na Musa mlimani. Enzi za mkoloni, Mwafrika wa Tanganyika alikatazwa spiriti za Kizungu kwa sababu tu ni Mwafrika. Sheria ikafutwa na leo hakuna anayeililia. Na majirani hawajalala. Lesotho walianza kutoa leseni za kilimo cha bangi ya dawa 2017. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua mwaka 2018 kwamba mtu mzima kutumia faraghani si jinai. Rwanda, nchi isiyojulikana kwa mzaha, imeruhusu kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje, huku ikiendelea kukataza kuvuta mtaani. Umoja wa Mataifa wenyewe, Desemba 2020, uliiondoa bangi kwenye orodha ya dawa zinazobanwa kuliko zote, japo ikabaki chini ya udhibiti.

Kwa hiyo hakuna anayedai bangi iuzwe kwenye kila duka la Mangi pembeni ya vocha. Madai ni manne na hayatishi. Mtumiaji mtu mzima aliyekutwa na kidogo aondolewe kwenye jinai, apelekwe hospitali kama anahitaji. Miaka 30 ibaki kwa magenge makubwa, na hakimu apewe nafasi ya kupima kosa la mtu mwenye kabegi. Kilimo cha dawa kiruhusiwe kwa leseni, na mkulima mdogo aingie, siyo kampuni za wakubwa tu. Na kuuzia mtoto, au kuendesha chombo ukiwa umelewa, iwe bia iwe jani, kubanwe sawasawa.

Asiyetaka hayo ana njia moja tu ya kuwa mkweli: aidai miaka 30 kwa muuza bia pia. Akiona hiyo ni ukatili, basi ameshajua anachofanyiwa yule kijana wa Mtimbira.