Maji meupe si lazima yawe safi

Hebu nikuulize: ulijuaje maji uliyokunywa asubuhi ni safi? Najua jibu. Yalikuwa meupe, hayakunuka, na kuna mtu aliyachemsha. Basi, kesi imefungwa.

Pole, haijafungwa. Watafiti waliopima Mto Nairobi walikuta mabaki ya dawa za hospitali: antibayotiki, dawa za maumivu, hata za kupunguza makali ya HIV. Zimetoka wapi? Kwetu. Tunameza, tunaenda haja, na mtaro unajua njia. Mto wenyewe hauishii Dandora. Unaingia Athi, na maji hayo hushuka hadi Sabaki, yakamwagika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kuchemsha huua viini, sawa. Lakini dawa iliyoyeyuka majini haina uhai, sasa utaiuaje?

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sitajifanya profesa. Ila kusoma sikuacha, na kuna kitu kimoja nataka ukijue.

Umewahi kuona mtu akikanyaga simiti mbichi? Ikikauka, alama inabaki, na kiatu kinachoingia pale sawasawa ni kile kile au pacha wake. Wanakemia hufanya vivyo hivyo. Wanachukua molekuli ya uchafu wanaousaka, wanaizungushia viambato vinavyoshikana na kuganda kuwa polima, yaani jamaa ya plastiki. Kisha wanaiosha itoke. Yanabaki mashimo madogo ajabu, yenye umbo lake na sehemu za kuishika. Ukipitisha maji hapo, molekuli ya aina hiyo inanaswa, nyingi za nyingine zinajipitia. Si wazo la jana: Günter Wulff wa Ujerumani alilionyesha mwaka wa 1972.

Faida ni mbili. Polima hiyo ikipakwa kwenye kipimo cha umeme, uchafu ukiingia mashimoni mkondo wa umeme hubadilika, nawe unajua upo. Ikijazwa kwenye mrija, huvuta uchafu uliotawanyika katika lita nzima ya maji na kuukusanya mahali pamoja. Huvumilia joto na asidi, na ukiiosha unaitumia tena.

Si muujiza, tusidanganyane. Kila uchafu unahitaji polima yake. Maji yenye tope huiziba. Na isipooshwa vizuri, masalio ya ile molekuli ya kwanza huvuja na kuharibu vipimo.

Lakini fikiria maana yake mtaani. Leo kupima dawa majini kunataka mashine ghali ndani ya maabara, na wewe wa mtungi wa lita 20 hutaitwa kuona matokeo. Kipimo kidogo cha bei nafuu kingekupa sauti. Ndiyo maana nasema serikali na kaunti ziweke pesa kwa vijana wa kemia vyuoni watengeneze vipimo hivi kwa ajili ya mito yetu, na matokeo yabandikwe wazi kila mtu ayaone.

Hatuombi msaada. Kifungu cha 43 cha Katiba kinakupa haki ya maji safi na salama. Cha 35 kinakupa haki ya habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi anza leo: uliza maji ya mtaa wenu yalipimwa lini, na yalipimwa nini. Ukijibiwa "ni meupe," usikubali.