Bibi Hana Tetekuwanga

Mwezi uliopita nilikata sekunde tatu za video ya harusi ya binamu yangu, iliyofanyika ukumbini hapa Blacktown. Bibi anacheza, kanga kiunoni, ukuta mweupe nyuma yake. Nikaigeuza kuwa GIF, nikamwonyesha kwenye kompyuta. Akavaa miwani, akatazama, akauliza: "Mjukuu wangu, mbona umenitia tetekuwanga?"

Alisema kweli. Uso wake ulijaa nukta.

GIF ilitolewa na CompuServe mwaka 1987. Kila picha yake hubeba rangi zisizozidi 256, wakati video ya kawaida inaweza kuwa na zaidi ya milioni 16. Rangi inayokosekana huigizwa kwa kutawanya nukta za rangi zinazokaribiana, ili jicho lizichanganye lenyewe. Hiyo ndiyo ditha. Njia yake maarufu, ya Floyd na Steinberg, ni ya mwaka 1976.

Lakini nani anagawa hizo 256? Programu, na huupa uzito mkubwa kile kilichojaa kwenye picha. Ukuta na taa zake ulijipatia fungu nono. Uso wa Bibi, wenye kahawia za kila namna, uliachiwa makombo.

Rafiki yangu akasema: zima ditha, basi. Nikajaribu. Kanga ilitoka safi, maana rangi zake ni chache na zimekolea. Uso, ambao una kivuli na mwanga, ukawa mabaka kama ramani. Kanga haihitaji ditha, uso unaihitaji.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: kabla ya kugombana na nukta, gawa rangi upya. Kwanza kata ukuta, picha ibaki na mtu. Pili, ukitumia FFmpeg, weka stats_mode=diff unapotengeneza paleti, ili kinachosogea kipewe uzito zaidi. Tatu, jaribu ditha ya bayer: nukta zake hufuata mpangilio maalumu, hazitembeitembei usoni kama siafu. Faili nalo mara nyingi huwa dogo, kwa sababu GIF hubana vizuri panapojirudia.

Wengine watasema ni kichekesho cha sekunde tatu tu, kwa nini kuhangaika? Kwa sababu jambo hili si geni. Kwa miaka mingi maabara za picha zilipima rangi kwa kadi za Kodak zenye mwanamke mzungu, zilizoitwa Shirley, na watu weusi wakatoka vibaya. Kompyuta haina chuki, inahesabu tu. Lakini anayepunjwa ni yuleyule. Sisi tunaotengeneza GIF za klabu tusikubali mipangilio tuliyoikuta.

Nilimpelekea Bibi ile ya pili. Akatabasamu. "Sasa ni mimi," akasema. "Ila miguu yangu umeipeleka wapi?"