Tusiisingizie Jinja Giza la Soweto

Wenzangu wengi wakisikia jina Eskom wanakumbuka kitu kimoja tu: mgao wa umeme Afrika Kusini. Kisha kantini hakosekani mjuaji wa kusema, "Waliacha giza kwao, wakaenda kuwasha taa za watu." Tamu kusikia, ila mimi nakataa.

Hebu tuangalie walivyojipanga. Kwa biashara za nje Eskom iliunda kampuni tanzu, Eskom Enterprises, na mwaka 2002 yenyewe ikageuzwa kuwa kampuni, hisa zote zikiwa za serikali. Lengo la kutenga hivyo ni kwamba hasara ya ugenini isije ikaangukia bili ya mama wa Soweto. Ni kama mwenye duka anayetenga pesa ya duka na ya chakula cha nyumbani.

Uganda nayo ilikuwa imevunja bodi yake ya umeme mwaka 2001 na kupata kampuni tatu: ya kuzalisha, ya kusafirisha na ya kusambaza. Mwaka 2003 Eskom Uganda ikakabidhiwa mitambo ya Nalubaale na Kiira pale Jinja, megawati 380 kwa jumla, iiendeshe kwa miaka 20. Kuendesha tu, si kumiliki. Machi 2023 muda ukaisha, mitambo ikarudi serikalini.

Sasa giza lilitoka wapi? Waraka wa sera wa mwaka 1998 wa Afrika Kusini ulishaonya kwamba umeme wa ziada ungekwisha ifikapo 2007. Serikali ikaizuia Eskom kujenga vituo vipya, eti wawekezaji binafsi watakuja. Hawakuja. Desemba 2007 Rais Mbeki akakiri hadharani kwamba Eskom walikuwa sahihi, serikali ndiyo iliyokosea. Jinja imeingiaje hapo?

Kinachonikera mimi ni kingine. Usambazaji wa Uganda ulikwenda kwa Umeme mwaka 2005, kampuni ambayo wenye hisa wa mwanzo walikuwa Globeleq na hiyo hiyo Eskom. Haya, mwanafunzi wa Makerere wa miaka ile, taa imezima usiku wa kuamkia mtihani: amuulize mzalishaji, msafirishaji au msambazaji? Kila mmoja ana mkataba wake, na mtaji wa kila mmoja umelindwa vizuri. Mwenye mshumaa hakuwepo mezani.

Ningetaka mikataba ya namna hii iwe na ukurasa mmoja wa mteja, kwa lugha yake: taa ikizima nani anawajibika, na ndani ya saa ngapi. Ukurasa huo ningeufundisha hata kidato cha pili.